Kiganja cha Mwavita

Matata, muuguzi wa dispensari moja ya Alunguli, mjini Kindu, alichoka na watu. Miaka kumi na mbili walimwita dokta, wakaitikia kwa heshima zote, kisha wakaenda kufanya yao. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo alivyowanung'unikia kutwa. Utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Siku moja akaletewa Mwavita, msusi wa nywele, kiganja cha kuume kimeungua kwa mafuta ya mawese. Matata akamnyoosha vidole juu ya kibao cha mwanzi, akavifunga. Siku arobaini, akasema, wala kibao kisitolewe hata siku moja. Mwavita akalia kwamba kinauma. Basi Matata akatandaza kitambaa mezani, akakishika katikati na kukikusanya kwa vidole. Pindo zote zikasogea ndani.

"Unaona, mama? Ndani ya kidonda iko seli, vitu vidogo, macho haivione. Zinashika nyama huku na huku, zinavuta, kidonda kifunge. Hiyo njo kazi yao. Lakini hazijue kama hiki ni kiganja. Zitavuta mpaka vidole vilale ndani. Kibao njo kinazikatalia."

Mwavita akaahidi, na ahadi akaishika siku kumi na nane, akila kwa mkono wa kushoto kwa aibu kubwa.

Kisha ikatangazwa kwamba mkubwa wa chama tawala anakuja Kindu. Kila mtaa ujifunze kuimba na kucheza, kila asubuhi, wiki tatu. Kiongozi wa ngoma ya mtaa wao akamwambia Mwavita kwamba kibao hakipigi makofi, na asiyepiga makofi ana lake moyoni. Mwavita akakivua.

Mgeni alipokwisha kwenda, akafika dispensari na kuku mkononi, uso umechanua. Kidonda kimefunga, kikavu, safi kabisa.

"Fungua mukono, mama."

Akajaribu. Vidole vikatetemeka, vikabaki vimekunjamana kiganjani. Matata akapandwa na hasira, akafoka: hakumwambia? Hakumwonyesha kwa kitambaa? Atasuka nywele za nani sasa?

Mwavita akamwacha amalize.

"Dokta, ulikuwa mustari wa nyuma yangu. Kila asubuhi uliona napiga makofi."

Kweli Matata aliona. Kila asubuhi alijiambia atasema kesho, na kiongozi alipogeuka kumtazama, akazidisha makofi. Akapokea kuku kwa mikono yake miwili, mizima.