Setilaiti Ilipozimika

Mtaani kwetu, kila dishi unaloliona juu ya bati limefungwa na mtu mmoja, jirani yangu, tunayemwita Fundi Dishi. Ni mtu wa maneno mengi. Akiwa juu ya paa hupiga soga na kila anayepita, na ukimuuliza intaneti inatoka wapi, atanyoosha kidole juu na kusema, "Kwa wakubwa." Nyaya hazijafika huku, na hata mnara wa simu hupitishia mawasiliano yake kwenye setilaiti ile ile anayoilenga yeye.

Dishi la kwanza kabisa alilifunga kwa mama yake, kwa ajili ya mdogo wake. Figo za huyo mdogo ziligoma, ikabidi akaishi mjini, safari ya siku mbili, karibu na hospitali yenye mashine ya kusafisha damu. Kila alasiri mama alivaa gauni la kutokea, akakaa mbele ya simu kumgombeza mwanawe.

"Mbona umekonda? Unakula, au unachezea chakula?"

Mgonjwa alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Mama naye alilala vizuri siku hizo.

Kisha setilaiti ikazimika. Redio ilisema imepata hitilafu huko huko angani, wateja wawe na subira. Subira! Watu walimvamia Fundi na ngazi zao. Mmoja alikata mti mzima akidhani ndio unaoziba. Mama yake naye akamwamuru apande.

"Mama, kilichokufa kiko huko juu. Mkono wangu unaishia kwenye bati."

"Panda, mwanangu. Labda limesogea tu."

Akapanda, akalizungusha huku na huku, mama kasimama chini na simu yake. Nilimwona Fundi akifuta machozi kwa kiwiko. Roho iliniuma, lakini ningemsaidia nini? Mwishowe alimpa dereva mmoja wa lori ujumbe ampelekee mdogo wake: mama mzima, sote wazima, ni mtandao tu.

Kuna jambo hatukulifikiria. Baba yao alipofariki, mdogo huyo alikuwa amelazwa, nasi tukamficha. Mgonjwa hapewi habari za msiba, ndivyo tulivyosema, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Tulizima simu zetu mpaka alipopata nafuu, ndipo tukamwambia. Alipouliza baadaye tulikuwa wapi, tulimjibu mtandao ulisumbua.

Sasa simu ya mama haipatikani, ya kaka haipatikani, yangu haipatikani. Wauguzi wakamwambia ni mtandao. Unadhani aliwaamini? Alifunga mzigo wake, akadandia lori la saruji. Yule dereva mwenye ujumbe wetu alipishana naye njiani.

Mgonjwa alikuja kutoka barabarani akilia kwa sauti, uso na miguu vimevimba. Mama akatoka na ufagio mkononi kuangalia nani kafiwa.

"Mama?"

"Mwanangu! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukuzika."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na hakuweza kuinuka tena.

Siku yake ya kusafishwa damu ilikuwa imeshapita. Fundi alitaka kumuuliza daktari wa mjini afanyeje, lakini amuulize kwa njia gani? Muuguzi wa zahanati yetu alimbonyeza mgonjwa miguu, akasema arudishwe upesi, hapa hana cha kumpa. Dereva aliyemleta, Mungu ambariki, aligeuza lori bila hata kumaliza kushusha saruji. Wakamlaza juu ya mifuko iliyobaki, mama akapanda naye, Fundi akishikilia turubai jua lisimpige. Nilingoja aseme chochote, hata utani wake wa kijinga.

Hospitalini hawakufika naye akiwa hai. Yeye aliyekuja kumzika mama yake alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani pa mama huyo huyo.