Zamu ya Makamu wa Rais

Wiki iliyopita nilipanda mlimani kijijini kwetu Myamba, nikaenda kuitazama ndiva yetu ya zamani, lile bwawa lililokuwa likijaa maji usiku na kufunguliwa asubuhi, kila familia kwa zamu yake. Nimekuta limeota majani. Lakini we acha tu, rafiki yangu! Nilisimama ukingoni nikacheka peke yangu, kwa sababu nilimkumbuka Makamu wa Rais wa Marekani.

Usishangae. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, picha ya Mfalme iko ukutani, na mwalimu wetu alikuwa amepata kitabu cha maisha ya huyo Makamu. Kilimkolea, akaamua tuigize mbele ya wazazi: mtoto wa mkulima anafagia chuo ili alipe karo, anakuwa mwanasheria, anakaa bungeni mpaka mvi, mwishowe anapewa umakamu. Mimi msichana nikapewa kuwa yeye, kwa kuwa niliwapita wavulana wote urefu na koti la jirani lilinienea. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kisha kukaa kando ya Rais nikisikiliza hotuba yake ndefu. Rais alikuwa mtoto wa jirani yuleyule mwenye koti.

Nilimsimulia bibi jioni tukila makande.

"Kwa hiyo huyo anangoja mwenye zamu augue?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Maskini! Na shamba lake linakauka?"

Nilicheka, ingawa moyo ulikuwa mzito. Baba alikwishasema muhula ule ndio wa mwisho kwangu. Alitaka mtu wa kulinda mfereji siku za zamu yetu, maji yasichepushwe njiani, na mtu huyo ni mimi. Nilitamani anione walau mara moja nikiwa mwanafunzi.

Siku ikafika. Wazazi wamejaa, kanga zinanukia moshi wa jikoni, na Rais hayupo! Ndiva ilikuwa imefunguliwa kwa zamu ya kwao, na kwetu hakuna aliyeacha maji yapotee kwa ajili ya mchezo. Mwalimu alishika kichwa.

"Mwalimu, hotuba naijua yote," nilimwambia. Ningekosaje kuijua, mwezi mzima nimekaa kando yake?

Nikatoka kwenye kiti changu, nikahamia cha Rais. Loo! Bibi aliruka juu. "Zamu yako hiyo, mjukuu wangu! Fungua maji!"

Basi ni vigelegele! Wote walidhani ndivyo hadithi ilivyo, kwamba yule mzee hatimaye amepata maji yake. Mwalimu alinong'ona kwamba kitabuni hakuwahi kuwa rais hata siku moja, lakini nani alimsikiliza? Niliisema hotuba mpaka neno la mwisho, na sijawahi kufurahi vile tena.

Baba hakupiga makofi. Alimfuata mwalimu. "Nani alimfundisha maneno ya mwenzake?"

"Hakuna, mzee. Alikuwa amekaa tu, anasikiliza."

Zamu yetu ilipofika niliamka alfajiri kutafuta jembe, nisilione.

"Baba yako kaondoka nalo," bibi alisema. "Kasema uende shule."

Baba aliulinda mfereji peke yake mpaka nilipomaliza masomo. Wiki iliyopita niliufuata taratibu, mkavu toka juu hadi chini, nikitamani nimkute mahali fulani njiani, nimwamkie shikamoo, nimpokee jembe.