Glavu za Kugusia Simu

Aliyeniuzia zile glavu pale Kilindoni aliapa kwa Mungu kuwa zinagusa simu. Akanionyesha kitambaa cha kung'aa kwenye ncha za vidole, akajigusia simu yake mwenyewe, ikafunguka. Muongo mkubwa. Mimi zilinigusia zilipotaka zenyewe.

Mimi ni muuguzi, na siku za kliniki ya watoto naendesha pikipiki kutoka kijiji hadi kijiji. Mwanamke mzaliwa wa hapa juu ya pikipiki! Walishanisema mpaka wakachoka. Glavu nilizivaa kwa ajili ya jua, na simu niliifunga kwenye usukani. Wenzangu wa zahanati walikuwa na tabia ya kunipigia njiani kuuliza kama waanze kupima watoto, nikaandika jibu moja kwenye simu; ikiita nabonyeza tu, inakata na kulituma: "Niko njiani. Msinisubiri, endeleeni."

Asubuhi moja shangazi yangu akafariki Kirongwe. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipoondoka duniani, mimi na kaka yangu. Kaka akanipigia akilia: "Njoo sasa hivi. Tunazika baada ya adhuhuri."

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Maiti tunamwona nyumbani, uso ukiwa wazi, kabla sanda haijafungwa kichwani. Jeneza likishatoka mlangoni, basi tena. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakikimbilia, kumwona uso.

Nilikuwa nimeshapita nusu ya safari, kwenye mchanga mzito, gurudumu la mbele linacheza, simu ikaita. Jina la kaka. Nikakikokota kidole kwenye kitufe cha kijani. Wapi! Nikakokota tena, glavu inateleza kama sabuni. Nikainama nitumie pua, kidogo niingie mnazini. Nikaitukana simu, nikamtukana muuza glavu na ukoo wake. Nikapiga kioo kwa kidole gumba kwa hasira, ikanyamaza. Nikasema vizuri, imenyamaza, nikaongeza moto.

Karibu na nyumbani nikawaona wanaume wanakuja mbele yangu njia nzima, jeneza mabegani, wanasoma tahlili. Sikufikiri. Nikaiweka pikipiki katikati ya njia, nikashuka.

Tahlili ikakatika. Kaka alikuwa ameshika upande wa mbele.

"Toa pikipiki," akasema.

"Mteremsheni. Nimwone."

"Keshafungwa."

"Mfungueni! Hukujua kama nakuja?"

Akampisha mtu begani, akatoa simu mfukoni, akanisogezea usoni. "Si weye ulosema tusikungoje? Nimekupigia, ukanikatia, ukaniletea haya. Nimewasomea wote hapa."

Niko njiani. Msinisubiri, endeleeni.

"Hiyo nimeandika ya kliniki," nikasema. "Imejituma yenyewe."

"Yenyewe!" akasema, na nyuma yake mtu akaguna. Nilitamani niwapige wote. Ndugu yangu wa tumbo moja, tuliolala mkeka mmoja, aliamini kuwa naweza kumwambia endeleeni, kama vile shangazi ni foleni ya mzani wa watoto. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele za watu, na maneno mengine ambayo siyaandiki. Akalirudia jeneza, akaliingizia bega, akageuka kushoto. Wakaniacha nimesimama na pikipiki yangu, wakapita katikati ya shamba la muhogo la jirani, wakatokea njiani mbele, tahlili ikaanza upya.

Nikaingia nyumbani sijamsalimia mtu. Wanawake wamejaa ukumbini, na kitanda cha shangazi kimeshasimamishwa ukutani. Mwoshaji, mama mmoja jirani yetu, akanivuta nikae naye. Hata shikamoo sikumpa. Nikamwambia kuwa kaka yangu ni katili, alikuwa na haraka ya kuzika kama anazika paka.

"Usiseme hivyo, mwanangu," akasema. "Kaka yako ndo alotuzuia tusifunge. Wazee washasimama kutaka kwenda, yeye kakaa mlangoni, kawatandazia mikono. Kasema hatoki mtu mpaka dada yangu aje. Kagombana na mjomba wako, kagombana na imamu. Uso tuliuacha wazi kwa ajili yako. Kisha simu yake ikalia, akasoma, akainuka pale mlangoni mwenyewe. Akatwambia, fungeni."

Nilimsikia vizuri. Ningefurahi zaidi kama angeniambia kaka alikuwa na haraka. Wanaume waliporudi kutoka makaburini alipita karibu yangu, suruali imejaa udongo mpaka magotini, macho mekundu. Akasimama kidogo, nadhani alitaka niseme kitu. Nikageuza uso ukutani mpaka akaondoka.