Kiti cha Mjane wa Bowie

Siku yangu ya kwanza kazini pale Bladensburg, jimbo la Maryland huko Marekani, nilipewa koleo, bisibisi na kiti cha gari kilichozeeka kuliko mimi, nikaambiwa nikifumue. Nilikuwa nimeshona viti vya mabehewa ya treni Tabora miaka kumi na minne, kwa hiyo nilijiona fundi kamili. Kufika saa sita mchana kiti kilikuwa mifupa mitupu, nami nimekunja mikono nasubiri sifa.

Foromani wetu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mzee mwenye kitambi na miwani iliyofungwa uzi. Akatazama sakafu, akatazama pipa la taka.

"Ile nywele ya ndani umepeleka wapi?"

"Nimetupa, Mzee. Ilikuwa imechakaa."

"Ingia mu pipa, utoe yote."

Nilidhani ananitania. Wapi! Nikaingia, nikatoa, na wenzangu wakacheka mpaka wakaacha kazi. Foromani peke yake hakucheka. "Hapa sisi hatuna mali," alisema. "Mali ni ya mwenye voiture, mwenye gari. Hata vumbi ni yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji ile ya magari ya zamani. Kila kilichotoka kwenye kiti kilitiwa kwenye mfuko wenye jina la mwenye gari, mfuko ukawekwa rafuni mpaka mwenyewe aje aone na aseme kwa kinywa chake kwamba kitupwe.

Vijana mnaosoma haya mmezoea viti vya sponji. Kiti cha zamani ni kitu kingine kabisa. Chini zipo springi, juu yake gunia, juu ya gunia singa za farasi, yaani nywele za mkia zilizosokotwa, halafu pamba, halafu ngozi iliyovutwa na kubanwa kwa vipete vya chuma. Singa zina tabia yake. Mtu akikalia kiti miaka na miaka, zinalala kwa kufuata umbo lake na hazisimami tena. Nikifumua kiti nilikuwa najua kama dereva alikuwa mnene, kama alikuwa na mguu mbovu, kama alipenda kuegemea mlangoni.

Miaka mitatu ya mwanzo sikuruhusiwa kushona sehemu inayoonekana. Nilikuwa nakaa Langley Park, nabadilisha basi mara mbili, nafika kushona chini ya viti mahali ambapo hata mwenye gari hatatia jicho. Nilinung'unika sana. Baadaye nikapewa milango, kisha paa, mwisho viti vyenyewe. Foromani alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye mshono wangu akiwa amefumba macho, na akikuta mahali pamepinda anasema neno moja tu, "Fumua." Nilimchukia, nikampenda, na alipoondoka kwa maradhi ya mgongo nililia chooni nisionekane.

Mwenye Gereji, Mmarekani asiye na maneno mengi, akaniita ofisini. "Kuanzia leo foromani ni wewe." Basi, nilivimba kichwa. Nani wa kuniambia fumua tena?

Mwaka uleule akaja mama mmoja wa mji wa Bowie, mwalimu mstaafu, na gari la bluu la milango miwili. Mumewe alikuwa amefariki majira ya baridi. Marehemu alikuwa akilipeleka gari lile kwenye maonyesho kila mwaka tangu wakiwa vijana. Mama akanionyesha kiti cha dereva. Mshono wa pembeni ulikuwa umeachia kiasi cha shubiri moja, na singa zimeanza kuchungulia.

"Naomba unishonee hapa tu," alisema. "Hapa tu, zisiendelee kutoka."

Nilikitazama kile kiti. Kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, ngozi imekunjamana, springi mbili zimelegea. Nikamtazama na yule mama, amekonda, koti la mumewe limemzidi mabega. Nikasema moyoni, huyu anaona haya kuomba zaidi. Kwetu msiba ukiisha, godoro la marehemu hutolewa, chumba hupakwa chokaa, aliyebaki apate pa kuanzia. Nikaamua kazi ile iwe rambirambi yangu. Nilikifanya kiti kizima, kwa siku zangu za mapumziko, bila kumwambia mtu. Springi mpya, gunia jipya, singa mpya, ngozi ya rangi ileile niliyoitafuta wiki tatu. Sijawahi kushona kiti kizuri kama kile, kabla wala baada. Na zile takataka za zamani nilizitupa, nisimtie mjane uchungu kwa kumwonyesha mfuko.

Alipokuja kuchukua gari nilimfungulia mlango kama bwana harusi. Akakaa. Akasogea kushoto, akasogea tena, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Kiko wapi cha zamani?"

"Nimekutengenezea chote, mama. Hulipi kitu. Pole kwa msiba."

"Vya ndani viko wapi?"

"Nilitupa."

"Lini?"

"Juzi. Lori la taka limeshapita."

Akashuka, akazunguka, akaingia upande wa abiria, akaweka kiganja juu ya kiti cha dereva. Ndipo akaniambia, taratibu, kama anavyoeleza mwalimu, kwamba mumewe alikuwa na nyonga mbovu, alikaa ameegemea kushoto miaka yote ya ndoa yao. Alipofariki, mama alikuwa akienda kila asubuhi kwenye banda la gari nyumbani kwake, anakaa mle kwenye bonde aliloliacha mumewe, anakunywa chai. "Palikuwa bado pana umbo lake," alisema. "Ndiyo maana nikakuomba ushone hapo tu." Halafu akalia. Mimi nilisimama pale na mikono yangu, mikono mizuri ya fundi, sijui niipeleke wapi.

Niliendelea na kazi miaka tisa zaidi. Sikumsimulia mtu, hata marehemu mke wangu. Nilikuwa mkali kwa vijana juu ya ile mifuko, wakanisema kwamba uzee unanichanganya.

Sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu Neema, nesi, hapahapa Bowie. Jumapili moja mwaka huu akaniambia, "Baba, twende ukaone magari ya zamani, utakufa kwa televisheni." Tukaenda. Nikiri, nilifurahi. Magari yamepangwa juani, maboneti wazi, wenyewe wamekaa nyuma kwenye viti vya kukunja wakila karanga. Watu wanasifia injini, watu hawana adabu, injini tu! Mimi nilikuwa nachungulia ndani na kumsomea Neema mishono: huyu kashona kwa haraka, huyu ngozi bandia, huyu namvulia kofia.

Kisha nikaliona la bluu. Mlango ulikuwa wazi. Mshono wangu naujua hata nikiamshwa usingizini. Nikainama, nikabonyeza kiti kwa kiganja, springi zikanirudishia mkono kwa nguvu ileile ya siku niliyozifunga. Ngozi haikuwa na kunyanzi hata moja pale paja linapokaa. Miaka yote hiyo. Fundi wa viti hahitaji kuambiwa. Kiti kile hakikuwa kimekaliwa na mtu.

"Jirani hunisaidia kulileta kwa tela," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa yeye, mvi tupu, kwenye kiti cha kukunja.

"Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile," alisema. "Ulinifanyia wema. Kama ningeweza kukukasirikia, labda ningekikalia."

Neema alitutazama, haelewi. Pakatokea bwana mmoja mwenye kofia ya majani, akaingiza kichwa garini, akapiga mluzi.

"Kiti hiki! Kama kimetoka kiwandani leo asubuhi. Kazi ya nani?"

Mama akaninyooshea kidole. "Ya huyu."

Yule bwana akanipa mkono, akautikisa kwa furaha ya kweli, akasema hajaona mikono kama yangu popote. Mama alikuwa ananitazama. Nikasema ahsante.