Ngamia Aliyetazamwa kwa Nyuma

Kwa miaka kumi na tisa Shirwa alikuwa akipiga picha za vitambulisho mjini Masalani. Tangu aanze kutumia programu ya akili mnemba, inayochora picha kutokana na maneno, hakuwa na hakika kama bado alistahili kuitwa mpiga picha.

Asubuhi moja aliingia Batula, mfugaji wa makamo. Ngamia wake jike alikuwa amepotea siku tisa, na hakuwa na picha yake hata moja. Alitaka ichorwe, itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji kabla mnyama hajafikishwa kwa wachinjaji.

"Nieleze alivyo, eeddo," alisema Shirwa, akimwita shangazi kwa heshima.

Rangi ya mchanga uliolowa. Sikio la kushoto limekatwa ncha. Kovu la fisi pajani. Shirwa aliandika, akaiagiza programu iweke kamera yake ya kubuni ubavuni, mwanga uwe wa alasiri. Akatokea ngamia mwenye nundu mbili.

"Huyu amebeba mwenzake?" Batula aliuliza.

Akasahihisha. Akajaribu kutoka juu, kama ndege aonavyo. Kisha kutoka chini, ngamia akawa mrefu kama mnara.

"Huyo ni wa serikali. Wangu hajivuni hivyo."

Picha ya sita ilikuwa na kila alichotaja, uso ukiielekea kamera. Batula alitikisa kichwa. Hapo Shirwa alianza kushuku kwamba kosa lilikuwa lake: alikuwa ameuliza habari za mnyama tu, hakuuliza habari za mtazamaji.

"Eeddo, wewe humwona ukiwa wapi?"

"Nyuma yake! Miaka kumi na mmoja namswaga. Uso wake nitauonea wapi?"

Akaandika upya kadiri Batula alivyomweleza: kamera nyuma, hatua nne, kimo cha kifua cha mwanamke, vumbi, jua la asubuhi, mguu wa kushoto ukiburutwa kidogo.

Batula aliinamia kioo. "Ndiye. Hata mkia ni wake."

Shirwa aliituma, akaeleza chini yake kwamba imechorwa kwa kompyuta.

Siku ya pili Batula alikuwa studioni simu ya Shirwa ilipolia, naye akaiweka kwenye spika. Alikuwa Abdiwali, mchungaji wa Kotile.

"Nilikuwa nawapeleka ngamia wangu kunywa maji, nikamwona mbele yangu vilevile kama pichani. Kovu liko paja gani?"

"La kulia," alijibu Batula.

"Basi njoo umchukue. Lakini Shirwa, hiyo kompyuta yako imewahi kuchunga?"

Batula aliitwaa simu.

"Ilisimama niliposimama mimi. Mnyweshe, nakuja."