Kifusi cha Kinamasi

Mwaka ule nilipopata kazi ya kuendesha tipa, nilikuwa bado naishi kwa wazazi wangu Kaloleni. Baba alikuwa mtu wa reli, na kwake kijana mwenye lori alikuwa amefika. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba udongo na kifusi kutoka mahali walipobomoa nyumba, na kukimwaga kwenye kinamasi kilichokuwa nyuma ya viwanda, upande wa Mukuru kwa Njenga. Kikishajaa, godauni lingejengwa juu yake.

Wiki ya pili, nikirudi nyuma na mzigo, niliona kwenye kioo mama mmoja amesimama nyuma ya gurudumu. Nilikanyaga breki hadi lori likatetemeka. Nilishuka nikiwa na maneno mabaya mdomoni. Alikuwa mama wa makamo, mundu mkononi, mzigo wa mafunjo miguuni. Alikuwa akikata mafunjo pale na kusuka mikeka.

"Mwanangu, ukimwaga hapa utafunika mayai," alisema.

Nilitazama alikoonyesha. Hatua kama kumi hivi, korongo alikuwa amelala juu ya majani yaliyolaliana, kishungi chake cha dhahabu kikitikisika kwa upepo. Alituangalia tu. Mwenzake alisimama majini, mbawa nusu wazi.

Mama alinieleza kwamba kwao, magharibi, ndege yule hasumbuliwi. Alipofika Mukuru aliwakuta wengi. Kila kipande cha maji kilipofukiwa, jozi moja ilihama. Walibaki hawa wawili. Alikuwa amehesabu siku tangu yai la kwanza, na aliamini imebaki wiki moja na ushei.

Nilimwaga upande wa pili. Nikafanya hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Upande ule ulikuwa tope, na mara mbili magurudumu yalizama, nikachimba kwa sepetu huku nikitazama barabarani kama nyapara anakuja.

Alikuja siku ya saba. Aliuliza kwa nini pale katikati pamebaki shimo. Nikamdanganya kwamba ardhi ni laini, lori litazama. Akachukua fimbo, akadunga. Ardhi ilikuwa ngumu. Hakupandisha sauti.

"Kesho saa nne nitasimama hapa. Usipomwaga, funguo utaziacha ofisini."

Kesho yake nilifika saa moja. Mama alikuwa ametangulia. Nilikuwa nimebeba katoni yenye matambara, nikamwambia nitayapeleka mayai nyumbani.

"Utayalalia wewe?" aliniuliza.

Kisha akaninyamazisha kwa mkono. Kifaranga mmoja alikuwa ameshatoka, amelowa, na yai la pili lilikuwa na tundu. La tatu halikuwa na dalili yoyote.

Nyapara alipofika nilimwambia ukweli wote. Nilitarajia atazidai funguo. Alitazama kiota, akasema wenye kiwanja wanataka kazi iishe wiki hiyo, na yeye pia ana watoto. Malori mengine yaanzie upande wa barabara. Langu lingoje hadi saa nane, si dakika zaidi.

Tukangoja. Kila lori lililomwaga lilisogeza udongo karibu. Maji yalipanda kidogo kidogo kwenye kiota. Yai la pili lilipasuka kabla ya saa sita. Saa saba na nusu yule jike aliinuka, akashuka majini, akasimama. Vifaranga wakamfuata wakiyumba, dume nyuma yao. Njia pekee iliyobaki ilikuwa mtaro wa kiwanda, wenye maji meusi kwa rangi ya kutilia nguo. Wakapita humo humo. Tuliwafuata kwa mbali mpaka wakapenya chini ya waya, wakaingia uwanja wa jirani uliokuwa na nyasi na madimbwi mawili.

Nilirudi kwenye lori. Nikainua bodi ya tipa mwenyewe. Yai la tatu lilikuwa bado pale.

Kwa majuma kadhaa niliwaona ng'ambo ya waya, kifaranga akiwa mmoja tu. Kisha uwanja ule nao ukaanza kufukiwa, na sikumwona tena hata mmoja. Msimu wa mvua uliofuata, makorongo wawili walitua kando ya ukuta wa godauni jipya, wakatembea juu ya changarawe wakiinamisha vichwa kana kwamba wanatafuta kitu. Sijui kama walikuwa ndio wale. Waliondoka kabla ya adhuhuri.

Yule mama nilikutana naye baadaye sokoni Muthurwa, akiuza mahindi ya kuchemsha, kwa kuwa mafunjo yalikwisha. Nilimwambia najuta lile yai.

"Yai lile lilikuwa limekufa," alisema. "Lakini hata wale vifaranga wawili tuliwapeleka wapi?"

Aliniletea hindi, akakataa malipo, tukaongea habari za nyumbani kwake. Kazi ya tipa niliendelea nayo miaka mingine sita, na vinamasi viwili zaidi nilivijaza kwa mikono hii.