Aurelia Alivyovaa Kokoro la Shemeji Yake

Devotha alipanda milimani, hospitali ya Litembo, na meno meusi kama mbegu za papai, akashuka hana hata moja la mbele. Mtoto wa miaka minne, akicheka unaona ufizi mtupu kama wa kikongwe. Mama yake, Aurelia, alimbeba mgongoni kutoka stendi hadi ziwani, mdogo wake Elias akiwa kifuani, na hasira ikiwa katikati yao. Hasira ile ilikuwa nzito kuliko watoto wote wawili. Anayebisha angekuja kuibeba yeye.

Daktari wa meno hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Mama, huyu mtoto hushinda na nini mdomoni?"

Wengine tungedanganya. Aurelia akasema kweli: fundo.

Kila mama wa mwalo ule wa mitumbwi ya uvuvi, kusini ya Liuli, analijua fundo. Unachukua kitambaa, unatia sukari, unafunga, unachovya majini, unamtia mtoto mdomoni. Ananyonya, ananyamaza, nawe unasubiri mitumbwi. Zamani halikuwepo, maana hakukuwa na cha kusubiri. Mitumbwi ilirudi jua likiwa bado linapiga miayo, wavuvi wamekaa juu ya samaki kama juu ya viti, na ukiacha chungu wazi mbasa anarukia mwenyewe ndani, anauliza chumvi iko wapi. Mtoto aliyeanza kula alipondewa usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye uji. Siku hizi wavuvi wanaenda mbali, karibu wasalimiwe kwa Kichewa, na wanarudi jua la utosi. Mama akitoka mwaloni kwenda kukoroga uji, wachuuzi wa Mbinga wanazoa kila kitu. Basi anakaa. Na mtoto ananyonya fundo asubuhi mpaka mchana, hata akisinzia limo mdomoni.

"Sukari ikilala kwenye meno hivyo, yanaoza," daktari alimwambia. "Na huyu wa kifuani yake yanaanza kutoka. Usimpe."

"Simpi," alisema Aurelia.

Kusema ukiwa Litembo, kwenye baridi, ni rahisi. Mwaloni Elias alilia mpaka mbwa wakahamia Tingi.

"Mfungie fundo, mwenzangu," alisema Agripina, ambaye huanika usipa chanja moja naye. "Mtoto atapasuka huyu."

"Nitamshona."

Aurelia hakuwa anamtazama Agripina. Alikuwa anatazama mdomo wa mto. Mvua zikianza, mbasa hupanda pale kwenda kutaga, na vifaranga vya magege hujificha kwenye matete. Na pale pale Bartholomayo, mdogo wake Rodrick mume wa Aurelia, alikuwa akitega kokoro lake: vyandarua vya mbu vilivyoshonwa pamoja mpaka vikaziba mto kama mlango. Kilichopita ni maji tu, na hata maji yalipiga hodi kwanza. Mayai, vifaranga, vyote alivianika akauza chakula cha kuku. Alishasemwa mkutanoni. Lakini mzee wa mwalo alikuwa bado na ladha ya mboga ya Bartholomayo mdomoni, akakohoa, mkutano ukaisha.

Sasa, ufukweni kule shemeji mdogo ni mtani. Unamwibia kofia, unamwita mume wako mbele ya mkewe, unammwagia majivu, naye anacheka. Akikasirika ameshindwa, na aliyemtania ndiye anayetaja faini. Wazee wa mwalo ndio wasimamizi, na kwa hilo hawakohoi kabisa, maana kuku wengi wa faini wamepita kooni mwao.

Asubuhi moja, kokoro likiwa limeanikwa mchangani, Aurelia alilichukua akajizungushia. Alijifunika kichwa, akajifunika mabega, na mkia uliobaki ukaburuzika nyuma yake ukafagia nusu ya kijiji. Akaingia kwenye mtumbwi wa Bartholomayo, akakaa. Elias akinyonya kifuani, Devotha pembeni. Wanawake wakaacha chanja zao wakaja.

"Shemeji, kulikoni tena?" Bartholomayo alicheka, maana anatazamwa.

"Shemeji ni nani? Mimi bibi harusi wako. Nguo nimeshavaa, nadai mahari."

"Na kaka yangu unamwacha wapi?"

"Kaka yako namwona saa ngapi? Umemfukuzia samaki mpaka Malawi!"

Wanawake walishikana mabega kwa kicheko.

"Haya, mahari yenyewe nini?"

"Mdomo wa mto."

Kicheko cha Bartholomayo kikapungua. "Shuka, shemeji. Watu wana kazi."

"Bibi harusi hashuki mpaka abembelezwe."

Bartholomayo akaondoka. Akarudi kutoka dukani na mfuko wa sukari, akamtupia mapajani. "Nimekubembeleza. Wafungie watoto wako mafundo, mnyamaze wote, nipe kokoro langu."

Aurelia aliupasua mfuko kwa meno yake mwenyewe, akasimama na nguo yake ya harusi, akammwagia shemeji sukari yote kichwani.

"Na wewe nyamaza," akasema.

Bartholomayo alisimama akimeta jua zima. Wanasema sisimizi wa Maguu, kule milimani, walifunga safari siku hiyo hiyo. Bado alijikaza, akatoa meno kama anacheka. Hapo ndipo Devotha alipomwonea huruma.

"Baba mdogo, usilambe! Yatang'olewa!"

Kicheko kilichopasuka kiliyumbisha mtumbwi. Bartholomayo akanyakua kasia, akaliinua, akatukana tusi ambalo karatasi haiwezi kulibeba.

"Amekasirika!" Agripina alipiga kigelegele. "Mzee, umeona? Amekasirika!"

Mzee wa mwalo aliangalia juu, akaangalia chini, akafungua mdomo akohoe, akakuta wanawake wote wanausubiri mdomo wake.

"Amekasirika," akakubali. "Taja faini, mama."

"Nimeshaivaa."

"Nitanunua jingine!" Bartholomayo alipiga kelele.

"Nunua, shemeji. Na mimi nitaolewa tena. Kila ukinunua, naolewa."

Wanawake walilikata kokoro vipande hapo hapo, kila mwenye kichanga akaondoka na chake cha kufunika kitanda.

Samaki hawakurudi siku hiyo, wala mwezi huo. Samaki si mbuzi, huwaiti. Mitumbwi ilizidi kuchelewa, jua likapanda, Elias akaanza tena ile ya kuhamisha mbwa. Agripina, kwa mazoea tu, alinyoosha mkono na kitambaa chenye sukari.

"Rudisha mkono huo," alisema Aurelia. Alikuwa amekuja na kibuyu cha uji wenye usipa, alioukoroga alfajiri. Akamlisha alichotaka, na alipokataa kilichobaki akamwacha alie, mdomo wazi mbele ya ziwa zima, vijino viwili vinang'aa.

"Lia, baba," akamwambia. "Lia na meno yako."